Anwani Namba Ishirini na Moja

Pale ofisini wote walimwita Mzee Waya, hata mkuu wa ofisi, ambaye hakuwa mtu wa kumwita mwingine mzee kirahisi. Jina alilipata siku alipokuwa akipitisha kebo darini, akakanyaga pasipofaa, na miguu yake miwili ikatokeza juu ya meza ya mhasibu. Mhasibu alipiga ukelele uliosikika mpaka wodini. Tangu siku hiyo jina lake halisi likabaki kwenye kitambulisho, likipumzika.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya rufaa za wagonjwa, jengo la ghorofa mbili lililobanwa ubavuni mwa hospitali. Ndani yake hamkuwa na sindano wala kitanda, ni karatasi tu. Daktari akiona mgonjwa anahitaji matibabu makubwa kuliko yaliyopo, anajaza fomu. Fomu inaletwa masijala. Karani wa masijala anaipitisha kwenye skana, picha yake inakwenda kwenye kompyuta kubwa iitwayo seva, na kamati inaifungua huko, inakaa, inaamua. Kisha mgonjwa anapigiwa simu. Asipopigiwa, anaendelea kungoja, na wagonjwa ni watu wenye adabu sana katika kungoja.

Mzee Waya aliingia hapo akiwa na miaka ishirini na miwili, kama fundi wa mashine za kupiga chapa. Mashine hizo zilipoondoka, wenzake wawili waliondoka nazo. Yeye akajifunza fotokopi, na fotokopi zilipoanza kuunganishwa na kompyuta akajifunza mtandao, kwa kitabu cha kuazima na kwa kuharibu. Aliharibu kwelikweli, tusimtetee. Kuna wiki nzima ambapo jengo zima lilikuwa likichapa kwenye printa ya mkuu wa ofisi bila kujua, zikiwemo barua tatu za watu waliokuwa wakiomba kazi kwingine. Watatu hao hawakumwamkia kwa muda mrefu.

Jambo lililomkera ni woga wa watu mbele ya maneno. Ukimwambia karani "anwani ya IP," anakunja uso kana kwamba umemsomea majibu ya vipimo vyake. Basi Mzee Waya alikuwa na somo lake, alilolitoa kwa kila mfanyakazi mpya, amesimama, kikombe mkononi.

"Hii ofisi ni mtaa," alisema. "Kila mashine ni nyumba, na kila nyumba ina namba. Hiyo namba ndiyo anwani ya IP. Printa ya mhasibu ni kumi na nne. Kazi yako ukiituma haijui sura ya printa, inajua namba tu. Ukikosea namba, itakwenda kwa jirani na jirani ataipokea bila kuuliza. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mzee."

"Hujanielewa bado. Kebo ni njia. Hiki kisanduku chenye vitaa kinaitwa swichi, ni njia panda, njia zote za mtaa zinakutana hapa. Ruta ni lango, ukitaka kutoka nje ya mtaa lazima upite kwake. Seva ni ghala letu sote. Folda ya pamoja ni rafu ndani ya ghala, mwenye ruhusa anaweka, mwenye ruhusa anachukua."

"Na waifai?"

"Waifai ni njia isiyoonekana. Ndiyo maana mnapotelea humo."

Alieleza pia kwamba nyumba nyingine hupewa namba na ruta kila zinapoamka, kama mgonjwa anavyochukua kijikaratasi cha foleni, na kesho zinaweza kupata nyingine. Lakini printa, skana na seva alizipa namba za kudumu kwa mkono wake. Huwezi kuhamisha choo kila asubuhi, alisema, halafu ukawalaumu watu kwa kupotea. Na mwisho aliwafundisha kupiga hodi. Unaandika amri fupi kwenye kompyuta yako pamoja na namba ya nyumba unayoitafuta, nayo ikiwa hai inakujibu mara nne: nipo, nipo, nipo, nipo. Isipojibu, usianze kupiga mashine makofi. Njoo uniite.

Kati ya wote aliowahi kuwafundisha, aliyeelewa mara moja ni mmoja tu, naye ni karani wa masijala waliyemwita Bi Taratibu. Hakuna aliyewahi kumharakisha mwanamke yule. Mganga mkuu alijaribu, akatoka masijala amenywea. Fomu za skana hazikwenda ghalani moja kwa moja enzi zake, zilikwenda kwanza kwenye kompyuta yake, namba ishirini na moja. Yeye alizifungua moja moja, akatazama jina, saini, namba ya simu, ndipo akazihamishia kwenye seva.

"Ghala halina macho," alimwambia Mzee Waya. "Fomu isiyo na namba ya simu ikiingia huko, huyo mgonjwa atapigiwa kwa mdomo?"

Mashine mpya ya skana ilipofungwa, ni yeye aliyeandika kitufe cha kwanza kwenye skrini yake, cha kuzipeleka fomu kwa ishirini na moja, kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi: MASIJALA. Mzee Waya alisimama nyuma yake akingoja, na hakuona kuwa anachelewa popote.

Walikunywa chai pamoja saa nne kila siku ya kazi kwa miaka kumi na sita. Tuseme tu lilivyo: alimpenda. Yeye mwenyewe hakuwa ameoa. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka kumi na tisa, akamwachia mdogo wake wa kike wa miaka sita, na kuanzia hapo kuoa kukawa jambo la baadaye. Nitaoa mdogo wangu akimaliza shule. Nitaoa akimaliza chuo. Mdogo wake akamaliza vyote, akawa mwalimu, akaolewa, akazaa wawili, na kaka mtu akawa na mvi. Bi Taratibu alikuwa mjane, wanawe wakubwa wamekwenda na maisha yao. Hapakuwa na kizuizi chochote duniani isipokuwa ulimi wa Mzee Waya, ambao kwenye habari za ruta ulikuwa mwepesi na kwenye habari za moyo ulikuwa gogo.

Jumatatu moja Bi Taratibu alikunywa chai, akalalamika kichwa. Jumanne alianguka bafuni kwake. Alhamisi walimzika. Mzee Waya alirusha mchanga wake kama wafanyakazi wenzake wengine, akasimama kwenye mstari wa wafanyakazi wenzake, akarudi kwa gari la wafanyakazi wenzake. Hakuwa na haki ya kusimama penginepo, na jambo hilo lilimuuma zaidi ya alivyotegemea.

Kompyuta namba ishirini na moja ilitakiwa kusafishwa na kupelekwa mapokezi. Mzee Waya alisema ina kumbukumbu za zamani zinazohitaji kuhamishwa, na kwa wiki mbili za kwanza ilikuwa kweli. Baada ya hapo ulikuwa uongo. Aliiweka stoo, kati ya maboksi ya karatasi na ya wino, akaichomeka kwenye umeme na kwenye kebo, na akaiachia namba yake. Kila asubuhi, kabla ya kujibu salamu ya mtu, aliketi kwenye meza yake, akaandika ile amri, akapiga hodi kwa ishirini na moja. Nipo, nipo, nipo, nipo. Ndipo siku ikaanza. Mara mbili tatu umeme ulikatika na ikanyamaza, akaenda stoo akaiwasha akatoka upesi, kwa maana hakutaka kuliona jina la Bi Taratibu likimngoja kwenye skrini aingize neno la siri.

Kazi ilikuwa haijasimama, la hasha. Kwenye skana alitengeneza kitufe kipya, RUFAA, kilichopeleka fomu moja kwa moja kwenye folda ya pamoja ghalani. Karani aliyechukua nafasi ya Bi Taratibu alikuwa dada mmoja makini, akamwambia, "Kuanzia leo bonyeza hiki, achana na kile cha juu." Dada akaitikia, na hakukosea hata mara moja. Kile cha juu kilitakiwa kufutwa. Kufuta ni kubonyeza mara tatu. Mzee Waya alibonyeza mara mbili, na mashine ilipomuuliza kama ana uhakika, akaona hana. Akasema moyoni mwake kwamba kitufe hakimdhuru mtu, na akarudi kwenye kazi zake.

Mwaka ukapita. Kisha mdogo wake akaanza kuishiwa pumzi.

Alianza kupumzika katikati ya ngazi za shule. Halafu akaanza kufundisha ameketi. Daktari alimpiga picha ya moyo, akamweleza kwamba vali moja haifungi sawasawa, damu inarudi nyuma badala ya kwenda mbele. Inarekebishika kwa upasuaji. Kuna madaktari bingwa wanaokuja hospitali kuu mara moja kwa mwaka, wanakaa wiki mbili, wanapasua waliomo kwenye orodha, wanaondoka. Orodha ya mwaka huu ilikuwa inafungwa baada ya wiki nne. "Fomu yako ikifika kabla ya hapo, utapata," daktari alisema. "Moyo wako bado una nguvu. Usiuchelewishe."

Mzee Waya aliibeba fomu hiyo mwenyewe, ndani ya bahasha mpya, kutoka kwa daktari mpaka masijala, hatua mia na kitu. Yule dada makini hakuwepo. Uchungu wa uzazi ulikuwa umemshika wiki tatu kabla ya tarehe aliyopewa, akakimbizwa wodini, na mambo ya kukabidhiana kazi yakaishia hapohapo mlangoni. Nafasi yake ilishikiliwa na karani aliyehamishwa kutoka idara ya usafirishaji, mtu mzima, mpole, aliyebakiza mwaka mmoja astaafu na ambaye hakutaka kumsumbua mtu kwa maswali. Mzee Waya alikuwa amemwamkia tu siku ile ya kwanza. Somo lake la mtaa na nyumba hakumpa, maana wiki ile ndiyo mdogo wake alipolazwa kwa vipimo, na akili yake haikuwa ofisini.

Karani akaiweka fomu kwenye kioo. Akatazama skrini. Alikuwa ameketi masijala, mlango umeandikwa masijala, na kitufe cha kwanza kimeandikwa MASIJALA. Akabonyeza. Mashine ikaunguruma, ikatoa mwanga, ikaandika neno lake.

"Ona mwenyewe, Mzee," karani alisema, akisogea pembeni kwa heshima. "Imetumwa."

Mzee Waya akaona. Aliyewafundisha wote kwamba jirani anapokea bila kuuliza alilitazama lile neno, akashusha pumzi, na hakutazama imetumwa wapi. Jioni ile alimwambia mdogo wake, "Imefika. Nimeiona kwa macho yangu."

Zikaanza wiki za kungoja. Mdogo wake alilala akiegemea mito mitatu, kisha minne. Miguu ikavimba, viatu vya shule vikakataa kuingia.

"Kaka, si uulizie tu," alimwambia siku moja. "Wewe si uko humohumo ndani?"

"Fomu ziko kwenye foleni, mdogo wangu. Nikienda kuuliza ya kwako, nitakuwa nimemruka mtu. Kuna mama wa watu naye anangoja kama wewe."

"Wewe na utaratibu wako!" Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi. "Basi sawa. Tungoje."

Mume wake alikuwa dereva wa gari la shule, mtu wa maneno machache. Siku hiyo alikuwa amesimama mlangoni, ameshika beseni. Alimtazama shemeji yake kwa muda, akataka kusema neno, akaliacha. Na Mzee Waya, tusimfiche, aliondoka pale akijiona mtu mwenye msimamo. Miaka thelathini na miwili ya kazi, na hajawahi kumpenyeza ndugu yake popote. Alijivunia hilo njia nzima.

Orodha ikafungwa. Madaktari bingwa wakaja. Kila simu yake ilipolia aliitoa mfukoni kwa pupa. Alijiambia kwamba wanaanza na walio taabani zaidi, kwamba zamu ya mdogo wake iko mwishomwisho, na wiki ya kwanza ikaisha hivyo, ya pili ikaisha hivyo. Jumamosi madaktari wakaondoka. Jumapili umeme ukakatika mji mzima, jenereta ya ofisi ikakohoa ikazimika.

Jumatatu Mzee Waya alichelewa, kwa sababu alikuwa amemsindikiza mdogo wake hospitali kupima. Alipoingia tu, karani wa masijala alikuwa akimngoja koridoni, amejishika kiuno.

"Mzee, mashine imegoma. Siku zote inatuma vizuri. Leo inakataa."

"Inasemaje?"

"Inasema haimpati mwenyewe."

Akaenda. Skrini ilikuwa na maandishi mekundu, na chini yake ile namba ndefu anayoijua kuliko namba ya simu yake, ikiishia na ishirini na moja. Alisimama mbele yake mpaka karani akamuuliza kama anajisikia vibaya.

"Unabonyeza wapi?" Mzee Waya aliuliza taratibu.

"Hapa. Masijala."

"Tangu lini?"

"Tangu nije. Kwani sipo masijala?"

Hakuwa na haki ya kumlaumu. Alitembea mpaka stoo, akafunga mlango, akaiwasha ile kompyuta. Jina la Bi Taratibu likatokea, likamngoja. Akaingiza neno la siri ambalo yeye mwenyewe alimchagulia miaka hiyo, akafungua folda ya skana. Chini ya mafaili ya zamani, yale ya mwaka wa mwisho wa uhai wake, palikuwa na mengine mapya. Ishirini na matatu. Ya wiki saba. La nne lilikuwa la mdogo wake. Lilionekana vizuri sana, saini ya daktari inasomeka, namba ya simu inasomeka.

Akaketi juu ya boksi la wino. Aliona jambo lote kwa mara moja, na aliliona kama fundi anavyoliona, hatua kwa hatua, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Kama angekifuta kitufe, karani asingekuwa na cha kubonyeza isipokuwa RUFAA. Kama angeacha kitufe lakini akaizima kompyuta, mashine ingelalamika siku ya kwanza kabisa kama ilivyolalamika leo. Ilihitaji vyote viwili ili fomu ishirini na tatu zipotee bila kelele, na vyote viwili alivifanya yeye. Kamati haikushtuka, kwa kuwa fomu za hospitali za nje ziliingia ghalani kwa kupita langoni, si masijala. Asubuhi thelathini na kitu alipiga hodi kwenye nyumba ile, ikamjibu nipo, na fomu ya mdogo wake imo ndani.

Alilia humo stoo. Alilia kwa sauti, na aliyepita nje alipita.

Kisha akachapa fomu zote, akakifuta kitufe, akaizima kompyuta, akaenda kwa mkuu wa ofisi na kumweleza kila kitu bila kujipunguzia.

Mkuu wa ofisi alizipekua karatasi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ofisi.

"Sikiliza, Mzee wangu," alisema. "Hizi tuziingize kwenye seva leo. Zitaonekana zimeingia leo. Kamati itazishughulikia kama fomu nyingine. Nani atajua?"

"Waliongoja watajua."

"Watajua walingoja. Hawatajua kwa nini. Kila mtu anangoja, bwana. Umebakiza miaka mingapi hapa? Usijichimbie shimo."

"Bosi, nitaziingiza kwenye seva," Mzee Waya alisema. "Na kila moja nitaandika juu ilipokuwa, na kwa kosa la nani. Ukitaka kunifukuza, barua nitaisaini. Lakini naomba kamati ikae leo, isingoje Alhamisi."

Mkuu wa ofisi alimtazama, akavua miwani, akanyanyua simu. Kamati ikakaa saa nane.

Kwa daktari alikwenda kwa miguu yake, hatua zilezile mia na kitu. Daktari alifungua majibu ya asubuhi ile, akayasoma mara mbili.

"Wiki saba zilizopita ningempeleka bila wasiwasi," alisema. "Sasa moyo umetanuka sana. Hautastahimili upasuaji. Na kungoja mwakani..." Akalifunga faili. "Abaki nyumbani. Nitampa dawa za kumpunguzia maji mwilini, apate kulala. Tunazungumzia miezi, Mzee. Michache."

Jioni ile jua lilikuwa bado juu alipofika kwa mdogo wake. Alimkuta sebuleni, ameegeshwa kwenye kochi kwa mito, madaftari ya wanafunzi yamepangwa pembeni ingawa hakuna aliyemtuma kuyasahihisha. Watoto walikuwa kwa jirani. Mumewe alikuwa akikunja nguo zilizoanuliwa.

Mzee Waya hakuketi. Alisema akiwa amesimama, kama anavyotoa lile somo lake, ila safari hii hakuwa na kikombe mkononi. Alisema kitufe. Alisema kompyuta ya stoo, na kwa nini iliwashwa mwaka mzima. Alisema fomu ya nne. Alisema daktari alivyosema. Alipomaliza, kilichosikika ni pumzi ya mdogo wake tu, ikipanda kwa shida.

Mumewe aliweka chini shati la mtoto alilokuwa amelishika.

"Ungeuliza tu, shemeji," alisema. "Mara moja. Ungepita tu mlangoni kwao ukauliza."

"Ningeuliza."

"Mara moja tu."

"Ndiyo."

Akatoka nje, na mlango hakuupiga. Mzee Waya angependa aupige.

Mdogo wake alikuwa akitazama mikono yake, iliyovimba, pete imezama. Machozi yalimtoka bila sauti, akayafuta kwa kanga, yakatoka mengine, akayaacha.

"Ulimpenda sana yule mama," alisema hatimaye.

"Sana."

"Na hukumwambia."

"Sikumwambia."

"Ungemwambia, kaka. Ungemwambia yeye akiwa hai, usingekuwa unaongea na kompyuta yake." Alisema bila hasira, na ndivyo lilivyomchoma. Akapumzika kidogo, akavuta pumzi mbili tatu. "Mimi nilikuwa nataka nimuone mwanangu mkubwa akimaliza shule. Basi. Sikuomba kingine."

Mzee Waya akapiga magoti pale kwenye zulia, akaweka kichwa chake kwenye ukingo wa kochi. Alimlea huyu. Alimsuka nywele vibaya mpaka wenzake shuleni wakamcheka. Alimfundisha kusoma kwa magazeti yaliyofungiwa vipuri vya mashine. Sasa mkono mzito wa mdogo wake ulishuka juu ya mvi za kaka mtu ukatulia hapo.

"Wengine ni wangapi?" mdogo wake aliuliza.

"Ishirini na wawili."

"Kamati imewakubali?"

"Kumi na tisa. Watatu ni wa moyo kama wewe, wale madaktari wameshaondoka. Hao wanatafutiwa pengine."

"Umeshawapigia simu?"

"Nilitaka kuja kwako kwanza."

Mdogo wake akauondoa mkono. "Si ulisema hutaki kumruka mtu? Na wao wamengoja wiki ngapi? Inuka hapo. Karatasi unazo?"

"Ninazo."

"Wapigie. Hapahapa, nikikusikia."

Akainuka, akaketi kwenye kiti cha mbao, akazitoa zile karatasi kwenye bahasha na kuziweka mapajani kwa kufuata tarehe. Ya kwanza simu haikupatikana. Akaandika pembeni, arudie. Ya pili ilipokelewa na mwanamke. Alipojitambulisha anapiga kutoka ofisi ya rufaa, mwanamke alisema mgonjwa mwenyewe wamemzika Ijumaa, asante kwa kupiga, na akakata. Mzee Waya alibaki na simu sikioni. Mdogo wake alifumba macho, akafumbua.

"Endelea."

Ya tatu iliita nusu tu.

"Haloo?" sauti ya kijana wa kiume.

"Habari yako. Napiga kutoka ofisi ya rufaa za wagonjwa, kuhusu fomu ya—"

Hakumaliza. Upande wa pili simu ilishushwa kutoka mdomoni na kijana akapaza sauti ndani ya nyumba ambayo Mzee Waya hakuiona, sauti ikaenea mpaka sebuleni pale, mpaka kwenye kochi:

"Mama! Mama, amka, wamepiga! Si nilikwambia hawajatusahau?"

Mzee Waya aliishika simu kwa mikono miwili. Alimtazama mdogo wake, naye akamwonyesha kwa kidevu azungumze nao, wasingoje tena.